Nadhiri Juu ya Jiwe: Siku Sita na Mama, Kutoka Köln Hadi Milima ya Eifel

Siku ya kwanza: Köln

Mama amebakiwa na siku kumi za viza. Tangu afike kutoka Tanga amekaa nyumbani kwangu akimlea mjukuu wake. Amepika, amekunja nguo, amesikitikia baridi ya mwezi wa Mei, na katika mji huu ameona mto Rhine na kanisa kuu lenye minara miwili, basi. Nikaomba likizo ya juma moja. Nikamwambia, "Mama, nataka nikuonyeshe kina mama wengine. Wako watatu watatu, wamechongwa kwenye mawe, na wameketi hapa tangu enzi za Warumi."

"Wameketi wanafanya nini?"

"Twende ukaone."

Mawe haya nayapenda tangu mwaka wangu wa kwanza Ujerumani, wakati Kijerumani kilikuwa kinanishinda hata kununua mkate. Siku moja niliingia makumbusho kukimbia mvua, nikakuta jiwe lenye neno MATRONIS juu yake, na nikalielewa bila kufasiriwa na mtu. Nilisoma shule ya bweni, na mama aliyetuangalia usiku, aliyejua nani ana homa na nani analilia kwao, tulimwita matroni. Nikasimama pale nguo zikichuruzika maji, nikajiambia: kumbe hata huku wako.

Hao kina mama wa mawe walikuwa miungu wa kike wa huku. Warumi waliwaita Matronae, na kwingine Matres, yaani Mama. Kabla yao nchi hii ilikuwa ya Waeburoni, watu ambao Julius Caesar aliwaangamiza bila huruma na mwenyewe akaandika kwamba amefanya hivyo. Kwenye ardhi iliyobaki tupu, Agrippa, jemadari wa Kaisari Augustus, aliwavusha Waubii, kabila la Kijerumani, kutoka ng'ambo ya Rhine. Wakaongezeka Wakelti kutoka Galia, yaani Ufaransa ya leo, wafanyabiashara, na askari wastaafu kutoka Italia. Mwaka 50 Kaisari Claudius akaupa mji wao hadhi ya koloni kwa heshima ya mkewe Agrippina, aliyezaliwa hapo hapo mwaka 15. Jina la mji likawa Colonia Claudia Ara Agrippinensium, na kutoka neno Colonia ndiyo ikapatikana Köln. Kiasi cha miaka 35 baadaye eneo lote likawa jimbo, Germania Inferior, makao ya gavana yakiwa papa hapa. Mama alipendelea huyo gavana nimwite liwali.

Jengo la Römisch-Germanisches Museum kando ya kanisa kuu lilifungwa kwa ukarabati mwaka 2019, na hazina yake ikahamishiwa jengo la muda karibu na Neumarkt. Mama alipita vioo na vito kwa adabu, bila kusimama sana. Alisimama kwenye vijisanamu vya udongo. Ni vidogo, vya kukaa kiganjani, vya udongo mweupe uliokandamizwa kwenye kalibu na kuchomwa tanuruni. Köln ya karne ya 2 ilikuwa na karakana zake za kazi hiyo. Kila kimoja kina wanawake watatu wameketi. Mtu asiyekuwa na fedha za kumlipa mchongaji jiwe aliweza kununua kimojawapo akakiweka nyumbani kwake.

Mama aliinama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Huyu wa katikati mbona kichwa wazi, na wenzake wana kofia?"

Sikumjibu. Nilitaka aulize tena kesho, mbele ya jiwe lenyewe.

Siku ya pili: Bonn

Treni ilichukua kama nusu saa. Mama aliposikia tunakwenda Bonn alikaa wima. "Bonn ile ya redio?" Ndiyo, Bonn ile ya redio, yenye Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Marehemu baba aliisikiliza tangu ikitangaza kutoka Köln, kabla haijahamia Bonn mwaka 2003, na wakati wa taarifa ya habari hakuna mtoto aliyekohoa. Tulipotoka kituoni mama alitazama huku na huku kama mtu aliyefika kijiji alichokwisha kusimuliwa, kisha akasema taratibu, "Angekuwepo babako."

Makumbusho tuliyoifuata ni LVR-LandesMuseum. Jiwe nililotaka alione ni la chokaa. Juu limechongwa mfano wa kijumba, na ndani yake wanawake watatu wameketi bega kwa bega kwenye benchi, kila mmoja na matunda mapajani. Wamejitanda shuka nzito iliyobanwa kifuani kwa pini. Wa pembeni wawili wamevaa kofia kubwa za mviringo, kubwa kama boga, zinazozunguka uso mzima. Wa katikati ni msichana, na nywele zake zimeachwa zianguke mabegani.

Wanaochunguza mambo haya wanasema kofia ile ilikuwa vazi la wanawake wa Kiubii walioolewa, na nywele kuachwa wazi ni alama ya binti ambaye bado hajaolewa. Hapo nimekuwa nikikwama kwa miaka. Kama hawa ni mama, huyu binti anafanya nini katikati, tena kwenye kiti cha heshima? Nikamweleza mama lile fumbo.

"Fumbo gani, mwanangu? Huyo mwali. Hao makungwi wake."

Nikamtazama. Akaendelea kana kwamba ananionyesha njia ya kwenda sokoni. "Mwali akitolewa nje anakaa katikati. Waliomfunda wanakaa huku na huku. Kichwa chake kiko wazi kwa sababu hajafunikwa bado. Kesho naye atavaa kofia, atahamia pembeni, na katikati atakaa mwingine."

Sisemi kwamba Waubii walikuwa na unyago. Sina ushahidi, na mama naye hakudai hivyo. Lakini nimesoma kurasa nyingi kuhusu jiwe hili, na hakuna ukurasa ulionifanya niwaone wale watatu kama watu wanaosubiriana na kupokezana. Tangu jana asubuhi nilikuwa najiona mimi ndiye mwongozaji wa safari. Pale nikanyamaza, nikamwachia yeye.

Kitu kingine alichokiona kabla yangu ni kwamba hakuna mtoto. "Mama gani hawa bila mtoto hata mmoja?" Swali la haki. Kwingine katika dola ya Kirumi watoto wapo. Huko Vertault, Burgundy, Ufaransa, kuna jiwe la Mama watatu ambapo mmoja amempakata mtoto mchanga, wa pili ameshika nepi, na wa tatu ana beseni na sifongo, kama wanawake wa familia wanaomwogesha mtoto wa siku arobaini. Cirencester, Uingereza, wanaonekana na watoto pia. Hapa Rhine wanashika matunda. Baraka waliyoombwa hapa ilikuwa pana kuliko uzazi peke yake: mavuno, afya, ukoo, kurudi salama.

Chini ya sanamu kuna maandishi, na huko ndiko hasa nilitaka kumfikisha. Nilimsomea neno moja moja. Matronis Aufaniabus: kwa Matronae Aufaniae, maana kila kundi la Mama lilikuwa na jina lake. Quintus Vettius Severus, mweka hazina wa mji wa Köln. Mwishoni majina ya makonsuli wawili, wakuu wa serikali ya Roma, Macrinus na Celsus, maana Warumi waliutambua mwaka kwa majina ya makonsuli wake. Kwa majina hayo tunajua jiwe lilisimamishwa mwaka 164. Katikati kuna maneno ambayo kwenye mamia ya mawe mengine yamefupishwa kuwa herufi nne tu, V S L M: votum solvit libens merito.

"Maana yake?"

Nilikuwa nimeandaa tafsiri ndefu. Nilipofungua mdomo ikatoka fupi. "Ameiondoa nadhiri yake kwa radhi, kama ilivyostahili."

"Ah," akasema mama. "Kwa hiyo hili si jiwe la kuomba. Ni la kulipa."

Hivyo ndivyo ilivyo, na watu wengi wanaopita pale hawalitambui. Ombi lilifanyika zamani, pengine kitandani, pengine barabarani, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Mtu akasema: mkinipa hiki, nitawasimamishia jiwe. Akapewa. Akamtafuta fundi, akalipa, jiwe likasimama. Kila jiwe katika ukumbi ule ni deni lililokwisha, na hakuna linaloeleza haja ilikuwa nini. Mweka hazina Severus alitaka nini mwaka ule? Mtoto apone? Hesabu za mji zikae sawa? Hakusema. Ametuachia jina lake, cheo chake na habari kwamba amelipa.

Tulizunguka kwa saa mbili. Kuna jiwe la Statilius Proculus, mkuu wa kambi ya Legioni ya Kwanza Minervia, kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi kilichokaa Bonn, na jina la mkewe, Sutoria Pia, limeandikwa pamoja na lake. Mama aliniomba nimwonyeshe kwa kidole jina la yule mwanamke lilipo. Mawe mengine yamechongwa mti uliozungukwa na nyoka. Mengine yanaongeza pro se et suis, kwa ajili yake na walio wake, au ex imperio ipsarum, kwa amri ya Mama wenyewe, maneno ya mtu aliyejiona ametokewa na kuagizwa.

Na majina ya hao Mama! Aufaniae, Vacallinehae, Fachinehae, Austriahenae, Albiahenae, Iulineihiae. Kilatini humo ni kidogo, zaidi ni mkia wa kisarufi. Ni majina ya watu wa hapa, ya Kijerumani cha kale na mengine ya Kikelti, na baadhi yanashikamana na mahali: Iulineihiae ni wa Jülich, Albiahenae ni wa Elvenich. Ni sawa na kusema Mama wa Pangani, Mama wa Muheza. Mengine yanataja kazi yao: Gabiae maana yake wapaji, Alagabiae wapaji wa vyote. Mwaka 1958, kule Morken-Harff, yalitoka ardhini zaidi ya mawe 100 ya Austriahenae peke yao, na mahali penyewe ni padogo.

Mimi naona hivi. Mama hawa walikuwepo kabla ya Warumi, ila hawakuwa na jiwe. Pengine walikuwa na mti, au chemchemi, au siku ya mwaka. Warumi walileta patasi, herufi na utaratibu wa nadhiri, na wenyeji wakavichukua vyote vitatu wakawavalisha mama zao. Kofia ikabaki ya Kiubii. Mawe mengi ni ya kuanzia katikati ya karne ya 2 hadi katikati ya karne ya 3, na walioyasimamisha wana majina ya kila namna, ya Kirumi, ya Kikelti, ya Kijerumani, wakati mwingine baba lake hivi na mwana lake vile. Hata maofisa wa legioni waliotoka mbali walipoingiwa na haja walikwenda kwa Mama wa mahali walipo.

Siku ya tatu: Bonn, mvua

Mvua tangu alfajiri. Tulilala kwa rafiki yangu Mkenya, na mama akampikia chapati asubuhi mpaka jirani wa ghorofa ya juu akashuka kuuliza kuna nini.

Alasiri tulikwenda kanisa la Münster, katikati ya mji. Mawe ya Aufaniae tuliyoyaona jana, likiwamo la Severus, yalitoka hapa chini. Kati ya 1928 na 1930 wachimbuaji waliingia chini ya kanisa na kuyakuta yametumika kama mawe ya kujengea kwenye majengo ya baadaye, mahali walipokuwa wakikumbukwa mashahidi wa Kikristo Cassius na Florentius. Nilidhani mama atasikitika. Akasema kwao Tanga vilevile, gofu likianguka mawe yake hayalali, utayakuta kwenye ukuta wa mtu mwingine. Tulikaa kidogo kwenye benchi la nyuma kusubiri mvua ipungue, kisha tukarudi kula.

Siku ya nne: Nettersheim

Reli ya kupanda Eifel iliharibiwa vibaya na mafuriko ya Julai 2021, na safari yetu ilikuwa nusu treni nusu basi. Mama hakujali. Aliangalia mito midogo ile, Erft na Urft, akaniuliza mara mbili kama kweli maji haya haya ndiyo yaliyoua watu na kubomoa miji. Ndiyo, haya haya. Leo yalikuwa hayafiki goti.

Kutoka kituo cha Nettersheim ni mwendo wa miguu, kwanza bondeni kisha kilima. Tulikwenda polepole kwa ajili ya magoti ya mama. Nyasi zilikuwa zimelowa na kulikuwa na maua ya manjano kila mahali. Juu, mahali panapoitwa Görresburg, msitu unaachia uwanda mdogo, na hapo ndipo lilipo hekalu la Aufaniae.

Usitegemee nguzo. Utakuta misingi ya mawe inayofika magotini: ukuta wa kuzunguka kiwanja, vijumba viwili vidogo, na hekalu lenyewe, chumba cha mraba kilichozungukwa na baraza pande zote. Huo si mjengo wa Roma, ni wa Galia. Roma inakupandisha ngazi kwa mbele. Hapa unazunguka. Mawe ya nadhiri yaliyopatikana mwaka 1909, mwanaakiolojia Hans Lehner alipochimba, yamehifadhiwa Bonn, na nakala zake zimesimamishwa humu ndani, zikitazama bonde.

Wengi wa waliotoa mawe ya hapa walikuwa wanaume, askari walioitwa beneficiarii consularis, waliotolewa kwenye legioni wakawekwa chini ya gavana kusimamia vituo vya barabarani. Chini yetu ilipita barabara kuu ya kutoka Köln kwenda Trier, na kijiji cha Kirumi cha Marcomagus kilikuwa papa hapa. Nafikiri juu ya askari huyo. Ametumwa mlimani, baridi, mbali na kambi, kazi yake kukagua mikokoteni na barua. Siku ya kumaliza zamu hakwenda kwa Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Alipanda kilima hiki kuwashukuru mama watatu wenye makapu ya matunda.

Na kilima hakijaachwa. Mbele ya nakala za mawe kulikuwa na matofaa mawili, sarafu, gamba la konokono, utepe mwekundu, mshumaa ulioisha, na chupa ya jamu iliyotiwa maua ya shambani. Watu wa leo wanakuja, wanaacha kitu, wanaondoka. Wakati tunafika, mama mmoja Mjerumani alikuwa akishuka na mbwa wake, akatuamkia, nasi tukamwitikia.

Nilikuwa na wasiwasi kidogo na mama yangu. Hakosi sala tano, na sikutaka ajione nimemleta mahali pa ibada ya masanamu. Alisimama nje ya msingi akisoma mahali pote kwa macho. Kisha upepo ukaiangusha ile chupa ya jamu. Mama akavuka jiwe la kizingiti, akainua chupa, akayarudisha maua moja moja, akafungua maji yake ya kunywa akamimina humo kama robo. Akaikaza kwenye kona ya jiwe isianguke tena.

"Maua hayana kosa," akasema. "Na aliyeyaleta ana haja yake."

Tukaketi kwenye ukuta wa kiwanja, tukala chapati za jana. Hapo ndipo aliponiambia, bila mimi kuuliza, macho yake yakiwa bondeni.

"Mimi pia niliweka nadhiri. Ulipojifungua."

Mwaka 2019 nilijifungua kwa upasuaji, nikavuja damu, na kwa siku mbili sikujitambua. Mume wangu alimpigia mama simu usiku, akashindwa kumaliza maneno. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba mama aliweka simu chini, akatawadha, akasali, akasema: Ya Rabi, ukinirudishia mwanangu nitawapikia pilau watoto wa chuo, Ijumaa, kwa mikono yangu mwenyewe, nisimwachie mtu mwiko.

"Ukazinduka Jumatatu. Ijumaa ile ile niliiondoa."

"Mbona miaka yote hukuniambia?"

"Ningekuambia ingekuwa nakudai. Halikuwa deni lako."

Sikuweza kusema kitu. Niliangalia zile herufi nne kwenye nakala ya jiwe, V S L M. Miaka nimekuwa nikiwaeleza wageni wangu maana yake.

Tulishuka upande wa bonde la Urft. Hatukufika Grüner Pütz, chemchemi ambako mfereji mkuu wa maji wa Kirumi ulianzia. Ni mfereji wa karibu kilomita 95, uliofukiwa ardhini usigande wakati wa baridi, uliopeleka maji ya milima hii hadi Köln. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka, nami miguu yangu haikuwa na nguvu kwa sababu nyingine. Tulilala Nettersheim.

Siku ya tano: Zingsheim na Pesch

Huku juu kuna basi dogo la kuagizwa kwa simu. Tuliliagiza, halikuja, tukasubiri saa nzima na robo. Mwenye nyumba tuliyolala akatuonea huruma akatupeleka na gari lake.

Zingsheim ni padogo: msingi mmoja wa mraba juu ya mteremko, mahali panapoitwa Vor Hirschberg, na jiwe la Fachinehae. Dakika ishirini zilitosha. Ila ule ukaribu una maana yake. Kutoka kwa Aufaniae wa jana hadi kwa Fachinehae wa leo ni mwendo mfupi tu, na tayari Mama wana jina lingine. Kila ukoo ulikuwa na wa kwao.

Pesch ndiko kulikonishika. Hekalu liko ndani ya msitu, na wenyeji wanapaita Heidentempel, hekalu la wapagani. Unatembea chini ya miti mirefu, mwanga wa kijani, kisha ghafla misingi imetandazwa mbele yako kwa mstari: hekalu la mraba lenye baraza kama la Görresburg, kiwanja chenye msingi wa pembe sita, jengo refu lililokuwa na safu za nguzo ndani, na kisima. Hawa walikuwa Vacallinehae. Lehner alipachimba kati ya 1913 na 1918, vita ikiendelea, na zikatoka mamia ya vipande vya maandishi. Askari wa Legioni ya 30 Ulpia Victrix, waliokaa Xanten kaskazini kabisa, waliacha mawe yao humu msituni. Pamejengwa na kujengwa tena tangu karne ya 1, na mjengo wa mwisho ni wa karne ya 4, wakati makaisari walikwisha kuwa Wakristo. Kwenye miaka ya 400 hivi pakanyamaza.

Nilipima lile jengo refu kwa hatua. Watu wangeweza kukusanyika humo kwa makumi, mvua ikinyesha nje. Sherehe ilikuwaje? Kwenye baadhi ya mawe ya Bonn kuna msafara wa wanawake wenye kofia zile zile kubwa, ina maana waumini walivaa kama Mama wao, au Mama walichongwa kwa mfano wa waumini. Nilimwuliza mama anaonaje. Alikuwa amesimama kisimani, mikono nyuma.

"Chakula kilikuwepo," akasema. "Watu hawatembei msituni wote huu wakarudi na njaa."

Kwenye madhabahu za Kirumi wachongaji walizoea kuonyesha wahudumu wakileta mnyama, matunda, birika la divai. Mama hakuwa ameyaona hayo, ila alijua.

Siku ya sita: Weilerswist, kisha nyumbani

Kabla ya kurudi Köln tulishuka Weilerswist kwa ajili ya mnara mmoja. Unaitwa Swister Turm. Umesimama peke yake juu ya kilima, kijiji cha Swist na kanisa lake vimekwisha kupotea, umebaki mnara. Mahujaji wa Kikatoliki huja hapa kuwaheshimu dada watatu watakatifu: Fides, Spes na Caritas. Wako wanaosema dada hawa watatu ni Matronae waliobadili nguo. Wengine wanakataa, kwa sababu kati ya mawe ya mwisho na habari za mwanzo za dada hao kuna karne nyingi zisizo na uzi. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa moyo unapenda wa kwanza.

Mama aliuliza majina maana yake nini.

"Fides ni Imani. Spes ni Tumaini. Caritas ni Upendo."

Akacheka kwa sauti, mara ya kwanza safari nzima. "Hao si mabinti wa mtaani kwetu?" Na ni kweli. Mtaani kwetu kuna Imani wawili, Tumaini muuza maandazi, na Upendo aliyesoma na mdogo wangu. Nikamwambia kwamba katika kisa cha mashahidi hao, mama yao naye anatajwa, jina lake Sophia, Hekima. Mama akaliweka hilo moyoni, nilimwona.

Jioni tukafika nyumbani. Mwanangu alimrukia bibi yake, mimi nikabaki mlangoni na mabegi. Baada ya chakula nilikaa mezani kuandika kumbukumbu hizi, na nilipofika kwenye siku ya nne nikachukua karatasi nyingine safi. Nikajaribu kuiandika nadhiri ya mama jinsi wale watu walivyoandika: jina lake, jina la baba yake, mahali, kwa ajili ya binti yake na walio wake, mwaka 2019, mchele kilo 15, ameiondoa kwa radhi, kama ilivyostahili.

Nikampelekea. Alivaa miwani, akasoma huku kidole kikifuata mstari.

"Kilo 20," akasema. "Na mbuzi mmoja hukumwandika."

Nikasahihisha.

"Na andika sufuria kubwa niliazimwa na jirani wa nyuma, mke wa fundi cherehani. Usiku ule ule alinifungulia mlango bila kuuliza ya nini."

Nikaandika hilo pia. Karatasi akaikunja mara nne, akaitia ndani ya mfuko anaowekea pasipoti.